Fomula Haikufika Turbo

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa tatu, mwanangu, mashamba yakiwa yamekwisha kulimwa na kila mtu akitembea huku akitazama mawingu. Nilikuwa kijana, karani katika chama cha wakulima hapa Eldoret, na asubuhi hiyo nilimaliza kazi ya juma zima kabla ya chai ya saa nne. Nilijiona mtu. Majuto ni mjukuu, wazee walisema, na huyu wangu nimemlea miaka mingi.

Sikusoma sana. Nilimaliza kidato cha nne, kisha nikafunzwa kompyuta miezi michache katika chumba kimoja juu ya duka la misumari na mabati. Mama ndiye aliyenipeleka. Alikuwa mkulima wa Turbo, mwanachama wa chama hicho hicho, na nilipopata kazi aliwaambia wenzake kanisani kwamba sasa wana mtoto wao ofisini.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Chama kilipokea mbegu na mbolea za wanachama wote, lakini huwezi kuwaita wote siku moja; matrekta na mikokoteni ingefunga barabara. Kwa hiyo kila mtu alipewa siku yake ya kuchukua. Majina yalikuwa kwenye kompyuta, maelfu, yamepangwa kwa sehemu: Kiplombe kwanza, halafu Moiben, Turbo mwisho. Mbele ya kila jina kulikuwa na ekari zake, na kando ya ekari kisanduku cha siku. Fomula, yaani hesabu unayoiagiza kompyuta ifanye, ndiyo iliyokuwa ikiitafuta hiyo siku kutokana na ekari. Mwenye siku alitumiwa ujumbe kwa simu.

Mwanzoni nilikuwa naandika fomula katika kisanduku cha kwanza, halafu naivuta kwa mausi mpaka chini, navuta, navuta, kidole kinauma, nikiachilia kwa bahati mbaya naanza tena. Mkubwa wangu, Madam Jerotich, akanihurumia. Akanionyesha kidoti cheusi kwenye pembe ya kisanduku. Weka mshale hapo, akasema, bonyeza mara mbili haraka. Nikabonyeza. Fomula ikamwagika safu nzima kama mahindi kutoka kwa gunia lililopasuliwa. Nilicheka kwa sauti. Yeye hakucheka.

"Inamwagika mahali kisanduku jirani kina kitu," akasema. "Ikikuta jirani mtupu inasimama, na haikuambii. Ukishamwaga, shuka mpaka chini uone."

"Sawa, Madam," nikajibu. Hiyo "sawa", mwanangu, ni neno jepesi sana mdomoni mwa kijana.

Basi asubuhi hiyo nikamwaga. Pale juu ya skrini siku zilikuwa zimejipanga safi, za kupendeza. Sikushuka. Na kushuka chini kabisa ni kubonyeza vitufe viwili tu. Sikuwa nimebanwa na kazi wala na mtu. Nilituma ujumbe kwa wote wenye siku, nikaenda kunywa chai, na huko nikawaeleza wenzangu jinsi nilivyo mwepesi.

Mwishoni mwa majina ya Moiben kulikuwa na mzee mmoja ambaye shamba lake lilikuwa na ugomvi wa ndugu. Mpimaji hakuwa amekuja, kwa hiyo ekari zake ziliachwa wazi. Fomula ilifika hapo ikakuta jirani mtupu, ikasimama. Chini ya huyo mzee walikuwa watu wa Turbo, wote. Hawakupata siku, na asiye na siku hakutumiwa ujumbe. Mashine haikulalamika.

Watu wa Turbo wakangoja. Wachache walifika mpaka getini kuuliza, na askari akawaambia kama tulivyomfundisha sisi wenyewe: rudi nyumbani, mzee, ngoja ujumbe. Kuuliza si ujinga, lakini sisi tulikuwa tumeweka mtu wa kuwarudisha wanaouliza. Mvua ikashika. Nikawa naona matrekta ya Moiben yakipita yamejaa, na moyo wangu ukafurahi, nikasema kazi yangu inaonekana barabarani.

Aliyenizindua ni Kamau, mtunza stoo. Alikuja mezani kwangu akijipangusa vumbi la magunia.

"Wekesa, mbegu ya watu wenu imenizibia mlango," akasema. "Ama huko Turbo siku hizi mmeacha ugali?"

Nikacheka kidogo. Halafu nikabonyeza vile vitufe viwili. Skrini ikashuka mpaka mwisho, na nikaona majina yamejaa, ekari zimejaa, na safu ya siku nyeupe kabisa kutoka juu mpaka chini. Katikati ya hayo majina kulikuwa na la mama.

Nilienda kwa Madam nikamwambia ni mimi. Hilo halikunisumbua, sijawahi kujua kusema uongo, na sikuanza siku hiyo. Hakunigombeza. Aliandika barua ya kuwafungulia watu wa Turbo stoo siku hiyo hiyo, nikaanza kuandaa ujumbe, akanishika mkono.

"Usitume message," akasema. "Hao wameshangoja message ya kutosha. Nenda mwenyewe."

Nikaenda nyumba kwa nyumba. Wengi walikuwa wamekwisha kupanda, kwa maana mvua haingoji karani, na shamba lililokwisha kupandwa halifukuliwi upya. Nyumbani nilifika mwisho, nadhani kwa woga. Mama alikuwa shambani ameinama, anafukia mbegu za mistari ya mwisho. Alikuwa amepukuchua yale mahindi yaliyoning'inia juu ya moshi wa jiko, ya mavuno yaliyopita, akayapanda. Alijua vizuri kwamba mbegu ya dukani ukiirudia mwaka wa pili haizai kama mwanzo. Hakuwa na nyingine.

Nikamuuliza kwa nini hakunipigia.

Akafungua leso yake kiunoni, akatoa simu yake ya kabambe, ile ndogo ya vitufe, ameifunga kwa mfuko wa plastiki isinyeshewe. Alikuwa akiibeba shambani siku zote hizo.

"Nilijua uko huko ndani," akasema. "Nikasema zamu yetu ikifika, italia. Nikikupigia, ni kama nimepita wenzangu kwa mlango wa mtoto wangu."

Nikaanza kumweleza mambo ya safu na visanduku. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama mtu anavyomsikiliza mgeni. Halafu akasema, "Hukutunyima, Wekesa. Ulikuwa unakimbia, ukatupita."

Afadhali angenichapa.

Mwaka huo mahindi yake yalitoka membamba, magunzi kama vidole. Yeye ambaye majirani walimjia na debe, msimu huo alibeba debe akaenda kwa majirani. Nilimpelekea unga wa dukani, akashukuru, akaupika, akaula bila maneno. Na si yeye peke yake. Kulikuwa na nyumba zingine ambazo sikuzipelekea kitu, na sijui watoto wao walikula nini. Nakwambia hilo ili usidhani niliyemkosea ni mama tu.

Tulimzika mama msimu wa baridi uliopita, kando ya shamba hilo. Katika miaka yote hiyo hakulitaja tena jambo lile, hata kwa utani. Kwenye matanga watu walisimama mmoja mmoja kusimulia jinsi alivyowapa mahindi. Nami nilikaa kwenye kiti changu nikikumbuka mwaka alipokosa cha kumpa mtu.

Vijana huniambia kompyuta za siku hizi zina akili, zinaruka hilo pengo. Huenda. Sijaona bado inayojua ni nani ametembea shambani na simu kiunoni.

Kwa hiyo mwanangu, sikukatazi kuwa mwepesi. Fomula moja ikiweza kujaza mistari elfu, iache ijaze. Kuvuta kwa kidole si utakatifu. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ukishamwaga, shuka mpaka mstari wa mwisho. Hesabu majina, hesabu na majibu, na kama hayalingani usitume kitu. Chagua mstari mmoja wa katikati, uupigie hesabu kwa mkono wako, uone kama mashine inasema kweli. Palipo wazi, uliza ni nani yuko hapo. Ukikosea, sema kabla hujaulizwa, halafu nenda kwa miguu yako mpaka kwa aliyeumia, hata kama huna cha kumrudishia. Na watu wapole usiwasome kwa kimya chao. Mtu akinyamaza usidhani ameshiba. Kama mama yako yu hai, mpigie wewe kwanza.

Mungu akupe mikono myepesi na roho yenye subira. Akupe mkubwa wa kukuonya, na sikio la kumsikia. Watu utakaowahudumia wasikose mvua wala mbegu, na siku utakapoketi mahali nilipoketi mimi, uwe na machache ya kusimulia kuliko haya yangu. Amina.