Brashi Iliyotazama Mlango

Mtaa wetu wa Gerberau una brashi iliyolazwa kichwa chini. Si brashi ya kusugulia. Ni picha ya kokoto za mto Rhine, nyeupe, nyekundu na nyeusi, iliyotandazwa mbele ya duka moja, chini ya miguu ya wapita njia. Mji wetu wa Freiburg, Ujerumani, umejaa picha za namna hiyo. Mbele ya mwoka mikate kuna mkate wa kusokota, mbele ya mshonaji kuna mkasi, na duka likihama picha hubaki, ndiyo maana kuna mahali unanunua miwani huku umekanyaga kichwa cha ng'ombe. Zote zimeelekezwa kwa mtu anayetembea barabarani, azione bila kupinda shingo. Zote isipokuwa ya kwetu. Ukisimama barabarani unaona manyoya ya brashi yako juu, mpini uko chini, na herufi K pembeni yake imesimama kwa kichwa.

Bwana Wehrle, mtembeza wageni, hufika hapo kila asubuhi akitokea Kanisa Kuu, ambako amekwisha kuwaonyesha lile sanamu la kutema maji ya mvua, lenye makalio wazi. Wageni huwa bado wanacheka.

"Na hapa, mabibi na mabwana," huwaambia, "fundi alipewa divai yake kabla ya kumaliza kazi."

Wanacheka tena, wanapiga picha. Kisha dirisha la ghorofa ya kwanza linafunguka, na Bibi Traudel anatoa kichwa chenye nywele fupi nyeupe.

"Wehrle, leo alikunywa chupa ngapi?"

"Tatu, mama."

"Jana zilikuwa mbili."

"Leo mvua imenyesha. Alihisi baridi."

Bibi Traudel, yaani Irmtraud Ketterer, si bibi yangu wa damu. Sisi tunakaa ghorofa ya tatu. Ila wazazi wangu wanafanya kazi mpaka jioni, na tangu nianze shule nimekula chakula cha mchana kwake mara nyingi kuliko kwetu. Alizaliwa juu ya duka lile lile, enzi ambazo baba yake alikuwa anatengeneza brashi. Yeye mwenyewe alifunga brashi mpaka nywele zikaanza kuwa nyeupe: manyoya ya nguruwe kwa za kusugua, singa za farasi kwa za vumbi, manyoya ya mbuzi kwa za kufutia unga juu ya mkate. Akiona brashi ya plastiki jikoni kwetu huishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. Duka lilipofungwa, palikuja viatu, kisha chai, na sasa wanauza vifuniko vya simu.

Jumapili hunichukua tukatazame vitu ambavyo watu wanavipita tu. Anachokipenda zaidi ni alama za mikate kwenye lango la Kanisa Kuu, zilizochongwa ukutani zamani ili mnunuzi apime kama mwokaji amemwibia. Bibi Traudel hununua mkate mdogo, anaupachika kwenye alama ya duara, anakunja uso.

"Tumeibiwa tena," husema. Halafu tunaula.

Mji mzima ameufungua mbele yangu hivyo, kipande kwa kipande. Lakini brashi ya mlangoni kwake hakuwahi kunieleza. Nikiuliza, alijibu kama Wehrle: divai.

Majira haya ya kuchipua mtaa ulianza kufukuliwa ili yapite mabomba ya maji moto. Siku moja nilikuwa kwake nakula dengu na tambi, fundi Egon Dold akapanda ngazi. Ni mtandaza mawe, mtu mpana wa miaka sitini hivi, na magoti yake yanalia akitembea.

"Bi Ketterer, nimekuletea habari njema."

"Kwa buti hizo juu ya sakafu yangu, iwe njema kweli."

"Kokoto zote za mtaa tunazitoa, tutazirudisha. Ya kwenu nitairudisha mimi mwenyewe, na nitaigeuza. Itakaa sawa kama za wengine."

Bibi Traudel akaweka kijiko mezani. "Nani amekuagiza uigeuze?"

"Hakuna. Ninataka mimi." Alivua kofia. "Ile ni kazi ya baba yangu. Tangu niko shule naitwa mtoto wa mlevi. Wehrle anapita kila siku anamnywesha divai mbele ya watu. Na baba yangu hakuwahi kuonja hata ya kanisani, tumbo lilimkataa. Sijui alikosea vipi siku ile. Ila nikiirekebisha, hadithi inakufa."

Bibi Traudel akashika kijiko tena, akakoroga dengu. Dold akadhani amekubali, akashukuru, akateremka.

Siku zilizofuata dirisha la ghorofa ya kwanza halikufunguka. Chini, kokoto za brashi zilikaa kwenye makreti, kila rangi na kreti lake. Dengu zilikuwa hazina chumvi, naye hakuona.

"Bibi, si itapendeza ikigeuzwa?" nikamuuliza. "Watu wataacha kucheka."

"Kwani mimi nilisema wanacheka vibaya?"

"Sasa mbona huli?"

Alikaa akiuvuta vuta ukingo wa kitambaa cha meza. Kisha akanieleza, akitazama ukingo ule na si mimi.

Mama yake alipata polio Bibi Traudel akiwa mdogo, na miguu haikuamka tena. Mchana kutwa alikaa kwenye kiti kirefu nyuma ya kioo cha duka, akifunga brashi. Zamu yao ya kuwekewa picha ya kokoto ilipofika, baba yake akamfuata mtandaza mawe, baba yake Egon. Akamwambia: wapita njia wana mji mzima wa kutazama, huyu ana kioo kimoja tu. Ilaze imtazame yeye.

"Mama akakubali kwa sharti," alisema Bibi Traudel. "Watu wasijue. Alisema, wakijua watakuja kuchungulia kiti changu, wasitazame brashi. Baba yake Egon ndiye aliyeutoa ule uongo. Akasema, waambieni nilikuwa nimelewa, kwani nitapungukiwa nini? Alikuwa kijana, hajaoa. Hakuna aliyemfikiria Egon."

"Sasa Egon yupo."

Alinitazama kwa ukali. "Huna kazi ya shule wewe?"

Nikaenda kufanya kazi ya shule. Niliandika jibu moja mara nne, na mara zote lilikuwa la swali jingine.

Asubuhi ya Jumamosi nikasikia fimbo yake ikigonga ngazi. Nikamfuata. Dold alikuwa amepiga magoti juu ya mchanga, uzi umevutwa kutoka ukuta mpaka mfereji mdogo wa maji, nyundo mkononi. Amekwisha kupanga K. Ilisomeka vizuri kabisa kutoka barabarani.

"Egon, ng'oa."

"Nini tena?"

"Ng'oa, halafu nisikilize. Ukitaka kunitukana baadaye, nipo hapa hapa."

Akamweleza yote akiwa amesimama, bila kuruka kiti wala sharti. Dold aliisugua kokoto moja nyeupe kwenye suruali, akaisugua tena.

"Baba alijua," alisema mwishowe.

"Ni yeye aliyependekeza."

"Mama yangu aligombana naye kwa ajili ya aibu ile mpaka uzeeni. Naye baba anakunywa maziwa yake, kimya." Aliinua macho. "Mlimwachia mzigo, Bi Ketterer."

"Tulimwachia. Na wewe ukarithi. Nilipaswa kusema siku alipozikwa mama, nikaona nimeshazoea kucheka."

Dold alikaa kitako juu ya mchanga. Nilidhani ataondoka. Mfereji ulikuwa unapita karibu na buti zake na mtoto mmoja alikuwa akivuta humo mashua yake ya kuchezea kwa kamba, akalazimika kuiruka miguu ya Dold.

"Mama yako alikuwa anakaa wapi hasa?" akauliza Dold.

Msichana wa duka la simu alitusaidia kusogeza rafu ya vifuniko. Nikaleta kiti kirefu cha jikoni. Bibi Traudel akakaa nyuma ya kioo, mahali ambapo, kama alivyosema, sakafu ilikuwa bado na alama mbili za miguu ya kiti cha mama yake. Nje, Dold aling'oa K, akaanza upya.

"Peleka kushoto," alisema Bibi Traudel kupitia mlango ulio wazi.

"Kushoto kwako au kwangu?"

"Kwa mama."

Kufikia saa za chakula mpini ulikuwa umekamilika na manyoya yalikuwa nusu. Hapo Wehrle akatokea na wageni wake.

"Mbona mnairudisha kichwa chini?"

"Haiko kichwa chini," alisema Dold bila kuinua kichwa. "Wewe ndiye umesimama upande usio wako."

"Na divai?"

"Hapakuwa na divai. Ukimnywesha baba yangu tena, nitakutandaza wewe hapa."

Wehrle akamtazama Bibi Traudel kupitia kioo. Bibi akamwashiria aingie, na Wehrle alipotoka, alikuwa anatembea polepole kuliko kawaida yake. Aliwaita wageni mmoja mmoja waende mlangoni, wakakipe kioo mgongo, ndipo watazame chini.

Sasa ndivyo wanavyofanya kila siku. Wanacheka kidogo zaidi ya zamani huko kwenye makalio ya Kanisa Kuu, kwa sababu Wehrle huongeza utani huko, akihofia atakosa kicheko hapa kwetu.

Jumapili iliyopita nilimwona Dold, peke yake, ameegemea kioo cha duka lililofungwa, akitazama brashi ya baba yake. Alikuwa amevaa viatu vya ngozi. Dirisha la ghorofa ya kwanza likafunguka.

"Naona leo viatu ni safi," alisema Bibi Traudel. "Panda, Egon. Maziwa yapo."