Nati ya Ekzosi

Leo fundi amemwagia dizeli nati za ekzosi ya gari langu, na harufu ya kutu iliyolowa imefanya shavu langu la kushoto lianze kuwasha.

Baba alikuwa na gereji ya mabati kule mtaani Langas. Nati ikishika kutu, hakuilazimisha. Aliilowesha dizeli, akaigonga polepole, akaipasha moto, akaikaza kidogo kabla ya kuifungua. Ilipokataa, alirudia tangu mwanzo bila kutukana.

Siku moja nilikuwa nimemletea chai. Mwenyekiti wa chama tawala wa mtaa wetu, beji ikimeta kwenye koti, alichoka kungoja Baba afungue nati yenye kutu kwenye gari lake.

"Unabembeleza chuma kama bibi arusi?"

Akampokonya Baba spana, akainama kwenye injini, akavuta kwa nguvu zake zote. Boliti ikakatika. Wateja wengine wakaangalia chini.

"Nani ameharibu hii kitu?" mwenyekiti akauliza, spana ingali mkononi mwake.

Baba aliangalia ile beji.

"Ni huyu msichana wangu, Mzee. Aliichezea asubuhi."

Asubuhi nilikuwa shuleni. Baba akanizaba kofi, kiganja kikiwa kimelowa dizeli, huku akimtazama mwenyekiti usoni, vile alivyotazama nati kuona kama imeanza kusonga.

Mwenyekiti hakusonga.

Baba akanizaba la pili, polepole zaidi, na hapo mwenyekiti akalegea, akacheka, akarudisha spana.