Korodani yangu ilijinyonga Mpanda miaka ya hamsini, wakaipima kwa rangi inayowaka gizani

Wakuu, heshima kwenu. Nachapa kwa kidole kimoja, umri umekwenda, mnivumilie. Haya yalinipata mwenyewe, chumvi sijaongeza.

Nilikuwa kijana wa Ikola, kando ya Ziwa Tanganyika, nimeacha nyavu za baba nikaja Mpanda kuchimba madini ya risasi.

Asubuhi moja najiandaa kwenda kazini, korodani ya kushoto ikauma ghafla. Nikatapika. Nikarudi kitandani, nikasingizia tumbo.

Maganga, Mnyamwezi niliyeishi naye chumba kimoja, hakudanganyika.

"Tumbo gani unalishikia huko chini?"

Nikamwambia aniache, naona aibu.

"Aibu haizai watoto, we bwana. Inuka!"

Akanibeba mgongoni hadi hospitali ya mgodi.

Daktari, mzungu, alinigusa kidogo tu, akasema maneno kwa Kiingereza. Dresa wake, yaani msaidizi wa kufunga vidonda, mzee wa Kifipa, akanitafsiria: "Imejinyonga, mwanangu. Mshipa umejisokota kama kamba, damu haipiti. Anapasua sasa hivi. Akikuta imekufa, anaitoa."

Nikachomwa sindano ya mgongo. Miguu ikafa ganzi, masikio yakabaki. Walipokwisha kupasua na kuusokotoa ule mshipa nikauliza korodani ikoje.

"Nyeusi," dresa akasema.

Nililia wakuu. Sikuwa na mke wala mtoto.

Sasa enzi hizo ultrasound hakuna. Daktari akaagiza taa kwa wale wataalamu wa mawe wa mgodini, ile inayofanya baadhi ya madini yang'ae gizani. Akanichoma dawa ya njano kwenye mshipa wa mkono. Madirisha yakazibwa kwa mablanketi.

Dresa akanieleza: damu ikifika, nyama itawaka kijani. Isipofika, itabaki giza.

Mimi nimewekewa shuka, sioni kitu. Nasikia pumzi zao tu.

"Bado," dresa akasema. Kisha, "Ngoja... inawaka. Si yote, lakini inawaka!"

Daktari akaiacha. Akazishona zote mbili, hata ile nzima, zisije zikazunguka tena.

(Kesho yake mkojo ulitoka njano ya kung'aa, Maganga akatoka mbio kumwita dresa. Kumbe ni ile dawa.)

Baadaye ilisinyaa kidogo, siwafichi. Watoto nilipata.

Vijana, korodani ikiuma ghafla usinywe panadol ukasubiri jioni. Taa ilimwonyesha daktari tu kwamba damu imerudi. Kilichoniokoa ni kuwahi.

Madaktari mliomo humu, siku hizi mnapimaje? Na wewe uliyewahi kuficha maumivu ya huko, sema hapa, hakuna wa kukucheka.