Mzee Usiguse na Mlango wa Jikoni

Watoto wa shule wamempachika jina la Mzee Usiguse, na kusema kweli kalitafuta mwenyewe. Kidole kikiisogelea tu saa ya ukutani, yeye keshafika: "Macho ruksa, mikono mfukoni!" Ndiye anayetembeza wageni katika makumbusho ya mji, na makumbusho yenyewe ni nyumba alimozaliwa. Kile kitanda kilichozungushiwa kamba nyekundu ndicho alichokuwa akikikojolea utotoni. Hilo hawaambii wageni.

Wazazi walipofariki, yeye ndiye aliyeshikilia kwamba nyumba ipewe mji. Dada yake mkubwa alikataa katakata. "Yaani watu wakate tiketi kumchungulia mama chumbani?" Akaapa hatakanyaga tena pale, na kweli hakukanyaga. Miaka ikapita wakijuliana hali kwa simu, salamu za juu juu tu, na mzee akawa anajiona kama mtu aliyemuuza mama yake.

Basi juzi dada akapiga. "Jumamosi nakuja. Usihangaike kuniandalia kitu."

Jumamosi mzee alivaa suti aliyoolea, akaganda kwenye mlango wa mbele tangu asubuhi. Kila mwanamke mfupi aliyechomoza kwenye kona, moyo ulimpiga paa. Wageni aliwapitisha sebuleni na chumbani mbiombio, jikoni hakuwafikisha kabisa, asije dada akafika asimkute. Ikafika saa ya kufunga, dada hayupo.

"Kanichezea shere," akajisemea, roho inamuuma, akaenda nyuma kufunga madirisha.

Jikoni akasikia maji. Dada yake alikuwa pekupeku, mikono ndani ya beseni, viatu kavipanga nje ya mlango wa nyuma. Vikombe vya maonyesho, ambavyo hata vumbi lake lilikuwa la heshima, alikuwa ameviosha vyote. Vibandiko vya namba vilielea kwenye povu.

"Ulikuwa wapi wewe? Nimekungoja mpaka nimechoka!"

"Nilikuwa mlangoni, dada!"

"Mlango upi?"

"Wa mbele."

"Wa mbele ni wa wageni. Tangu lini mtoto wa nyumba hii akapitia mbele? Mama angekuchapa."

"Na umefunguaje?"

"Kwa bega, kama zamani. Komeo bado bovu." Akainua kikombe kwenye mwanga. "Na vyombo vichafu hivi, huoni haya?"

Mzee akavitazama vibandiko. Mkuu wa makumbusho angemtoa roho. Neno lake lile la kila siku likamfika mpaka ncha ya ulimi, akalimeza. Furaha ilimjaa hata hakujua aiweke wapi. Akavua viatu, akavipanga kando ya vya dada yake, akachukua kitambaa.

"Hiki hakijatakata," akasema.

"Nyamaza ufute."