Vile tulimfunza Rasta kuacha kurukia wageni, baada ya kumvunja jirani mkono

Niaje wakuu.

Mimi hapa huwa nasoma tu, naweka like na kupita. Leo acha niandike. Yote yalitokea kwetu Njiru, na mengine hayanipi sifa, lakini nitayaweka vile yalivyokuwa.

Kazi yangu ni dereva wa forklift kwenye kiwanda kimoja Baba Dogo. Tumepanga kwa kompaundi yenye nyumba mbili na geti moja.

Nyumba ya kwanza tuko mimi, mke wangu Nafula na binti yetu Nekesa, yuko grade three. Ya pili anaishi Mama Mwende, mama wa Kitui, mjane wa miaka sitini na kitu. Yeye hupika chapati na maharagwe na kuwauzia mafundi wa mjengo. Njiru kila ukigeuka kuna mjengo, kwa hivyo wateja hawamwishii.

Halafu kuna Rasta, mbwa wetu.

Nilipewa na jamaa wa Dandora tunayefanya kazi naye, akiwa mdogo wa kutoshea ndani ya helmeti. Wakati wa haya mambo alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Akisimama kwa miguu ya nyuma, ile ya mbele inafika mabegani mwangu.

Sio mkali. Hajawahi kuuma mtu. Shida yake ilikuwa moja tu: mgeni akiingia, anamrukia kifuani anataka kumlamba uso. Mtu wa maji, shemeji, hata pasta. Pasta alikuja na shati jeupe akaondoka na alama mbili za matope kama mihuri. Tuliomba msamaha huku tukicheka.

Jumamosi moja, kama saa kumi jioni, nilikuwa kando ya tangi naosha gambuti. Mama Mwende alikuwa ametoka Kitui, alikuwa ameenda kwao wiki mbili. Akafungua geti na kiondo cha mbaazi mkononi.

Rasta alikuwa amemkosa, nafikiri. Alitoka nyuma ya nyumba mbio sijawahi kuona. Niliita. Hakusikia.

Alimpata kifuani na miguu yote miwili. Mama akaanguka nyuma, akaweka mkono wa kulia chini kujikinga, ukagonga ukingo wa mtaro. Mimi niko hatua kumi hivi na nilisikia mfupa.

Kitu sijasahau ni kwamba Rasta aliendelea kumlamba uso akiwa pale chini. Mkia unaenda.

Mama hakupiga nduru. Alisema tu, "Mtoe." Halafu akarudia polepole, "Baba Nekesa, mtoe."

Hospitali walisema kifundo cha mkono kimevunjika. Plasta kutoka vidoleni hadi karibu na kiwiko, wiki sita. Na mjue mkono wa kulia ndio kazi yake yote.

Mimi na Nafula tukaingia jikoni kwake. Kila asubuhi kabla sijaenda kazi, Nafula anakanda, mimi nasukuma, Mama amekaa kwa stuli anatuelekeza. Mafundi walisema chapati zangu ni ngumu. Walikuwa wanasema ukweli.

Siku ya tatu Mwende alinipigia. Huyo ndiye binti yake, anafanya kazi Mombasa. Hakupaza sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Baba Nekesa, sitaki maneno mengi. Mwisho wa mwezi ujao nakuja kumwona mama. Nisipate huyo mbwa hapo."

Nilimwambia ana haki, na nikaahidi. 

Jamaa wa Dandora akanitafutia mtu mwenye yadi ya vyuma kuukuu, anayetaka mbwa wa kulinda. Nilienda kuona kwanza. Nilipata mbwa wawili, kila mmoja na cheni fupi kuliko fimbo ya ufagio. Ardhi ilikuwa imechimbika nusu duara pale wanapozunguka. Hawakubweka. Waliniangalia tu.

Sikupenda. Lakini nilikuwa nimeahidi, kwa hivyo nikasema atahamishwa Jumapili. Nekesa alipoambiwa aliacha kuongea na mimi.

Alhamisi nikaenda kumwambia Mama Mwende. Alikuwa anachagua maharagwe kwa mkono wa kushoto, moja moja. Nilidhani atafurahi.

Akaniuliza kama huko anakoenda Rasta ataacha kuruka. Nikasema hapana, atakuwa amefungwa.

"Basi hujamfunza. Umemficha."

Akaendelea na maharagwe yake, halafu akasema, "Huyo mbwa hakuniuma. Alikuwa ananisalimia. Mfunze kusalimia."

Nikamkumbusha habari ya Mwende. Akasema huyo ni yeye alimzaa, ataongea naye mwenyewe. Lakini akaniambia wazi pia kwamba alihama Kitui miaka mingi iliyopita, hana haja ya kuhama tena, na mbwa akibaki vile alivyo, yeye ndiye atahama. Sasa hivi hata kutoka nje kuanika nguo anaogopa.

Hapo ndipo nilielewa hii si story ya mbwa tu. Mama wa watu ameogopa mlango wake mwenyewe.

Nikaenda kwa agrovet, lile duka la dawa za mifugo hapo karibu na stage. Muuzaji ni kijana mpole, alisomea mifugo. Nilidhani ataniuzia dawa ya kutuliza. Aliniuliza maswali badala yake.

Rasta anafungwa saa ngapi? Nikasema kwa banda, kutoka tukitoka mpaka tukirudi jioni. Anatembezwa? Hapana. Akiruka mnafanyaje? Tunamsukuma, tunampigia kelele. Alipokuwa mdogo akiruka mlifanyaje?

Hapo ikabidi niseme ukweli. Alipokuwa mdogo nilikuwa najipiga kifua nikimwita aruke, nimdake. Kila jioni. Nilikuwa na video kwa simu.

Yule jamaa hakunicheka. Alisema mbwa anaruka ili afikie uso na apate kuangaliwa. Ukimsukuma, kwake huo ni mchezo. Ukimpigia kelele, anajua mmefurahi pamoja. Kwa hivyo dawa ni akiruka asipate kitu chochote, na akiwa na miguu yote minne chini apate kila kitu.

Nikampigia mtu wa yadi nikamwambia asimngoje Rasta, na kesho yake tukaanza.

Kwanza ni mazoezi. Nilianza kumtoa alfajiri nusu saa, barabara za ndani kuelekea mashamba yaliyobaki. Jioni Nafula anamzungusha tena. Hii pekee ilipunguza wazimu karibu nusu. Mbwa amefungiwa siku nzima, mtu wa kwanza kuingia kwake ni sikukuu.

Pili, sisi wenyewe. Nikifika geti, akiruka, nageuka mgongo, nakunja mikono, naangalia juu kama nguzo ya stima. Simguzi, simwambii kitu. Akishuka, nageuka, nachuchumaa, nampa omena mmoja, hawa dagaa wakavu, na kumkuna chini ya kidevu. Akiruka tena, nguzo tena.

Siku ya kwanza nilisimama pale kama dakika kumi na tano. Majirani wa mbele walidhani Nafula amenifungia nje.

Tatu, tulimpa kazi ya kufanya badala ya kuruka. Tulitandika gunia kando ya mlango, tukamfundisha neno "kaa". Geti likilia, anaenda kwa gunia, anakaa, omena inakuja. Nekesa ndiye alikuwa mwalimu mkuu hapo. Nilimpa hiyo kazi ili aanze kuniongelesha, na ilifanya kazi.

Wiki ya pili akawa mbaya kuliko mwanzo. Anaruka juu zaidi, anabweka, anavuta shati. Nikarudi agrovet nimekata tamaa. Jamaa akasema hiyo ni kawaida: ile njia yake imekataa, kwa hivyo anaijaribu kwa nguvu. Nikiachilia hapo nitakuwa nimemfundisha kwamba akiongeza bidii atapata.

Wakuu, mahali penye wengi huharibu ni hapo.

Na watu pia wanaharibu. Shemeji yangu Wekesa alikuja Jumapili, Rasta akamrukia, yeye akamkumbatia akisema mwacheni, mimi sijali. Kazi ya siku nne ikaenda. Nafula alimtoa nje ya geti na kumwambia ndugu yake, "Utaingia ukijua kusimama." Akaingia mara ya nne. Kumfunza Wekesa kulichukua muda kuliko mbwa.

Ilipofika wiki ya tatu, Mama Mwende akasema sasa ni zamu yake.

Nilikataa. Nafula alikataa. Akatuambia mgeni aliyeangushwa ni yeye, na kama mbwa hajafunzwa mbele yake, atakuwa amejua kusalimia watu wengine tu.

Tukamfunga Rasta kamba kwa nguzo ya tangi, kwa gunia lake. Mama anasimama mbali, karibu na geti. Rasta akikaa, Mama anasogea hatua moja. Akiinuka, Mama anageuka na kurudi mpaka getini. Siku ya kwanza hakufika hata nusu ya njia. Niliona jasho limeshuka mpaka kwa kola na mkono wenye plasta ameukumbatia kama mtoto.

Alirudi kesho yake. Na kesho kutwa. Kila jioni sufuria zikishaoshwa.

Siku ya sita alifika karibu, akamtupia omena. Ya nane akampa kwa kiganja cha kushoto.

Ya kumi, kamba ikachomoka. Fundo nilifunga mimi, vibaya. Mama ako katikati ya kompaundi, Rasta akatoka mbio moja kwa moja kwake.

Mimi niliganda. Nasema ukweli. Sikuita wala sikukimbia.

Mama Mwende aligeuka mgongo. Akakunja mikono, plasta juu, akaangalia ukuta. Niliona leso yake ikitikisika. Rasta alipofika akainua miguu ya mbele, akasimama hivyo kidogo hewani, akaishusha. Akamzunguka mara moja. Halafu akakaa mbele yake, chini kabisa, mkia unafagia vumbi.

Mama akageuka.

"Sasa umenisalimia," akamwambia.

Akaenda kwake, akafunga mlango. Baadaye Nafula alimkuta amekaa kitandani analia. Alisema mkono haumuumi.

Mwende alikuja mwisho wa mwezi vile alisema. Mimi nilisimama hapo kando kama mtu anayesubiri kesi. Geti likalia, Rasta akaenda kwa gunia, akakaa. Alikuwa anatetemeka mwili mzima na analia kwa pua, lakini hakuinuka.

Mwende alisimama akamwangalia. Akaniuliza, "Ndiye huyu?" Nikasema ndiye. Hakumgusa, na hakunisamehe siku hiyo, sitawadanganya. Alipita akaingia kwa mama yake. Lakini alipoondoka Jumatatu hakurudia ile habari ya kumtoa.

Rasta ako hapa mpaka leo. Si malaika. Nikisafiri siku kadhaa nikirudi, bado anainua miguu ya mbele kabla akumbuke. Wakija watoto wadogo au wazee tusiowajua, namfunga kwanza.

Mkono wa Mama Mwende haujarudi vile ulikuwa. Kukiwa na baridi unamuuma, na haukunjiki wote. Chapati anasukuma, lakini polepole, na Jumamosi bado naenda kumsaidia. Hakuna omena inayorekebisha hiyo.

Nilichojifunza ni hiki: mbwa wangu hakuwa na tabia mbaya, alikuwa na mwenyewe mzembe. Yote niliyofanya baada ya ajali ningeweza kuyafanya kabla. Ilikuwa wiki tano, gunia moja na pakiti kadhaa za omena. Mtu mwingine ndiye alilipa kwa mfupa wake nikiwa bado nacheka.

Kwa hivyo kama uko na mbwa wa kurukia watu sasa hivi, usingoje mtu aanguke. Weka swali lako hapa chini, nitajibu nikitoka shift. Na waliofaulu kumtuliza mbwa mkubwa mbele ya watoto wadogo, nielezeni mlifanyaje, kwa sababu hapo mimi bado natumia kamba, na siku hizi fundo naangalia mara mbili.