Nyasi za Bustani ya Wilaya

Nilipotumwa kukusanya maoni ya wananchi kuhusu kuboresha bustani ya mji wetu mdogo chini ya Mlima Hanang, nilikuwa nimetoka chuo kikuu na maneno mengi. Bustani yenyewe ilikuwa mikaratusi michache, mlingoti wa bendera, na ukoka uliomwagiliwa kwa ndoo. Maboresho yalikuwa yameshaamuliwa: viti, maua, na uzio wa seng'enge kuizunguka yote. Seng'enge ilikuwa tayari stoo. Kilichobaki ni maoni.

Watu wa mjini na wakulima kutoka Endasak walitaka viti. Nikaandika viti. Wafugaji walikaa upande wao, fimbo magotini. Njia yao ya zamani ya kwenda majini ilikuwa imelimwa ngano ya serikali mpaka macho yanapoishia, kwa hiyo ng'ombe walikatiza bustanini kulifikia birika lililokuwa nyuma yake. Uzio ukifungwa, wangelazimika kuzunguka shamba zima, na kwa kiangazi kile ndama wasingefika.

"Wanaotaka uzio wanyooshe mikono," nilisema.

Hakuna aliyenyoosha. Mzee mmoja akauliza, "Bwana shamba, unataka tujue nani adui wa nani?"

Watu wakacheka. Sikuwa bwana shamba, lakini miaka ile kila aliyevaa suruali iliyopigwa pasi aliitwa hivyo.

Tuliongea hadi jua likahamia upande wa pili wa uso wangu. Ndipo akasimama mjane mmoja mwenye vazi la ngozi, ambaye ng'ombe wake walipita pale kila siku. Akainama, akang'oa ukoka wa kujaa kiganja, akanijia.

"Shikamoo, mama," nikasema. "Tafadhali, nyasi za bustani haziruhusiwi kung'olewa."

Mkono wake haukurudi nyuma. Nikazipokea zile nyasi, kwa nia ya kuzipanda tena. Wafugaji wakashusha pumzi, wakainuka, wakaanza kuondoka.

"Wanakwenda wapi? Kikao hakijaisha!" nilimwambia karani wangu, mwenyeji wa Tumati, aliyekuwa ameinamisha kichwa akizuia kicheko.

"Kimeisha, mkuu. Huku mtu akikuletea majani mabichi anakuomba amani. Ukipokea, umekubali. Umeshampa njia."

"Kwa mamlaka gani?"

"Hayo mtaelewana wewe na bosi wako."

Bosi alinisikiliza hadi mwisho. "Ulitumwa kuwauliza," alisema, "hukutumwa kuwajibu." Akaamuru uzio ufungwe pande zote.

Lakini mafundi walikuwa watu wa palepale. Walizungusha seng'enge, wakafika penye mapito ya ng'ombe, wakaweka nyundo chini. Majani yalishapokewa, walisema, na wao wana mama zao; laana ya mama hawaitaki. Bosi akatafuta wengine; nao wakaugua ghafla. Mwishowe akachoka, kama tulivyokuwa tumechoka wote, akaniamuru nilisimamie pengo hilo mwenyewe kila asubuhi, ng'ombe wasile maua.

Basi shahada yangu ikawa inasimama pale kwenye baridi, imeshika kijiti. Mjane alikuja na ng'ombe wake, ndama nyuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, bwana shamba. Huyo mwekundu anapenda maua ya njano. Simama upande ule."

Nikahamia upande ule.