Jogoo Wangu Mnadani Mtinko

Nilipoolewa Mtinko nilijiona najua kila kitu, maana nafundisha historia. Siku mama mkwe alipokuwa anakuja kwetu kwa mara ya kwanza, nilimwambia mume wangu kwamba zamani, kabla wageni hawajatuletea hela na ubepari wao, watu walibadilishana tu: kuku kwa chumvi, chumvi kwa vitunguu, basi! Akacheka. Nikapandwa na mori.

"Nipe huyo jogoo. Naenda mnadani bila hata senti, utaona!"

Moyoni niliogopa. Mama mkwe hakuwa amekanyaga kwetu tangu harusi, na nilisikia amesema binti wa mjini hadumu. Nilitaka ale, afurahi, arudi tena.

Jamani, nilikiona cha mtema kuni! Mwuza vitunguu anao kuku wake kibao. Mwenye mafuta ya alizeti anataka mahindi. Mwenye chumvi alinitazama juu mpaka chini.

"Dada, jogoo mzima kwa pakiti ya chumvi? Chenji nikupe nini, mguu?"

Watu wakaangua kicheko, na jogoo naye akawika kwapani mwangu. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na kikapu bado kitupu.

Mara nyuma yangu: "Mwalimu, unauza?"

Mama mkwe! Kashuka kwenye gari, kanikuta hivyo hivyo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Nikamweleza yote, aibu tupu. Akachukua kikapu changu, akatangulia. Mnada ule ameuzoea tangu usichana wake. Alimsalimia mwuza vitunguu, wakaulizana habari za watoto na mvua, akachukua fungu, akaondoka. Kwenye mafuta vivyo hivyo. Kwenye chumvi vivyo hivyo. Hakutoa kitu!

"Mama, umewalipa nini?"

"Leo wao, siku nyingine mimi. Yule wa vitunguu nilimpa mbegu mwaka wa ukame. Ndivyo tulivyokuwa tukiishi hata zamani. Mkimalizana hapo hapo, mtatembeleana kwa lipi?"

Weee! Somo langu lote la kubadilishana lilibomoka palepale, na mimi nikacheka njia nzima kama mwehu.

Tulikula vizuri. Jogoo hatukumchinja. Mama mkwe alipoaga nilimkabidhi, nikasema ni zawadi yake. Akampakata, akanigeukia.

"Haya," akasema. "Sasa nina deni lako. Itabidi nirudi."